Ganzi Isiuzuie Usafi

Hakuna mtu aambiwaye kwamba atachomwa sindano ndani ya jicho lake asishtuke. Hata mpasua mbao wa Njombe aliyeuzoea msumeno, na hata utingo wa lori pale Makambako asiyejali baridi wala usiku, huuliza kwanza swali moja: "Je, itauma?" Swali hilo ni la haki, wala halipasi kuchekwa. Lakini leo twapenda kuwaambia ndugu wasomaji kwamba liko swali la pili lililo kubwa kuliko hilo, nalo waliulizao ni wachache: "Je, jicho langu litasafishwa namna gani kabla ya sindano, na nikipata maumivu nimekwisha rudi nyumbani, nitakwenda wapi?" Maumivu ya sindano hupita kwa dakika chache. Vijidudu vikiingia ndani ya jicho vyaweza kuliua kwa muda wa siku mbili.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini jambo hili linawahusu wafanyakazi na wakulima wa Mkoa wa Njombe. Wako wanaodhani kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mijini. Sivyo. Humpata mchuma chai wa Luponde, mwalimu wa Makete, mwenye duka wa Makambako na mkulima wa viazi vilevile. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, huiharibu mishipa midogo sana ya damu iliyo nyuma ya jicho, katika utando uitwao retina, ambao kazi yake ni kupokea mwanga na kupeleka habari zake ubongoni. Mishipa hiyo huvuja, utando hufura, na mtu huanza kuona maandishi yamepinda au nyuso za watu zimefunikwa na ukungu. Si ukungu wa Njombe wa mwezi wa Julai, ambao jua likichomoza huondoka. Huu ukiachwa hubaki.

Kabla ya karne hii tuliyo nayo, tiba iliyokuwapo ilikuwa hasa ni kuichoma mishipa hiyo kwa mwanga mkali wa leza, na njia hiyo bado inatumika. Lakini tangu miaka ya 2000 imeongezeka tiba ya kudunga dawa ndani ya jicho lenyewe, katika ule ute mzito ulijazao. Dawa hizo huzuia mishipa isivuje na isiote mingine mibovu. Kipimo chake ni kidogo mno: sehemu 5 kati ya 100 za mililita moja, yaani tone moja tu. Sindano yenyewe ni nyembamba kama unywele mnene, nayo huingizwa katika weupe wa jicho, milimita tatu na nusu hadi nne nyuma ya ukingo wa sehemu nyeusi, mahali ambapo haitagusa lenzi mbele wala retina nyuma. Kazi yote huchukua sekunde chache. Shida ni kwamba mara moja haitoshi. Mwanzoni mgonjwa huhitaji sindano karibu kila mwezi, na katika mwaka wa kwanza zaweza kufika 8 au 10.

Hapo ndipo ganzi na usafi vinapokuwa jambo la kufikiriwa sana.

GANZI NA NJIA ZAKE

Kutia jicho ganzi ni elimu ya mwaka 1884. Daktari kijana wa mji wa Vienna, aitwaye Carl Koller, aligundua kwamba matone ya kokaini yakidondoshwa katika jicho hulifanya lisisikie kisu. Kabla ya hapo mtu aliyepasuliwa jicho alishikwa na wanaume wenye nguvu. Kokaini ilikuwa na madhara yake, na baadaye wataalamu walitengeneza dawa nyingine zilizo salama zaidi. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni lignokaini, iliyotengenezwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943. Hiyo ndiyo ganzi ambayo wengi wetu tumeionja tulipong'olewa jino au tuliposhonwa jeraha.

Kwa sindano ya jicho ziko njia nne zitumikazo sana. Ya kwanza ni matone peke yake, yanayodondoshwa mara mbili au tatu. Ya pili ni kuchovya pamba katika lignokaini yenye nguvu zaidi, kisha kuikandamiza kwa muda mahali patakapochomwa. Ya tatu ni jeli, yaani ganzi iliyo nzito kama ute wa yai, inayopakwa juu ya jicho na kuachwa ikae. Ya nne ni kudunga ganzi kidogo chini ya ngozi laini inayoufunika weupe wa jicho. Yaani kuchoma sindano ndogo ili ile ya pili isisikike.

Kila njia ina sifa yake na aibu yake. Matone ni ya bei nafuu na ya haraka, ila mgonjwa aweza kuhisi msukumo sindano inapoingia. Pamba hufikisha ganzi mahali panapotakiwa, ila yahitaji mkono mtulivu. Ganzi ya kudungwa hutuliza sana wakati wa sindano yenyewe, ila mara nyingi huacha jicho limevimba na lina wekundu wa damu. Jeli hupendwa kwa kuwa hudumu, lakini ina hila ambayo tutaieleza hapa chini. Tafiti kadhaa zilizozilinganisha njia hizi hazikuona moja iliyozishinda nyingine zote kwa tofauti kubwa ya maumivu. Wagonjwa wengi, kwa njia yoyote ile, husema kwamba maumivu yalikuwa madogo kuliko hofu waliyokwenda nayo.

Basi, ikiwa njia zote karibu zinalingana kwa maumivu, haitupasi kuchagua kwa maumivu peke yake. Tuchague kwa usalama.

HATARI INATOKA WAPI

Adui anayeogopwa baada ya sindano ya jicho ni uambukizo wa ndani ya jicho lote, ambao madaktari huuita endofthalmitisi. Ndani ya jicho ni mahali pasipo na ulinzi mkubwa. Ule ute ni chakula kizuri cha vijidudu, na askari wa mwili hufika huko kwa kuchelewa. Kijidudu kimoja kikiingia asubuhi, kitakuwa na ukoo mkubwa kabla ya kesho.

Tukio hili si la kawaida. Mwaka 2011 ulichapishwa Marekani uchunguzi uliokusanya hesabu za sindano 105,536. Walioambukizwa walikuwa 52. Yaani ni kama mtu 1 kwa kila sindano 2,000. Hesabu hiyo yaonekana ndogo, na kwa hakika ni ndogo. Lakini tuipige vizuri kama tunavyoipiga hesabu ya mbolea. Mtu akichomwa mara 10 kwa mwaka, hatari yake kwa mwaka ule inakaribia 1 kati ya 200. Na yule mmoja akipatwa, kwake yeye haikuwa 1 kati ya 200. Ilikuwa ni jicho lake zima.

Vijidudu hivyo havitoki mbali. Vingi hukaa katika kope na vigubiko vya macho ya mgonjwa mwenyewe, ambako siku zote huishi bila kumdhuru. Vingine hutoka vinywani mwa watu. Uchunguzi uleule wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba vijidudu vya jamii ya streptokoki, ambavyo maskani yake ni mdomoni, vilikutwa mara nyingi zaidi katika uambukizo wa sindano kuliko katika uambukizo wa upasuaji wa mtoto wa jicho. Sababu yake yaeleweka. Katika chumba cha upasuaji kila mtu huvaa barakoa, lakini mahali pengi sindano ya jicho ilikuwa ikichomwa daktari akiwa uso wazi, akizungumza na mgonjwa ili kumtuliza. Kila neno hutoka na mate madogo yasiyoonekana, na mate hayo hutua juu ya jicho au juu ya sindano.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiingia katika chumba cha sindano na daktari akanyamaza ghafla, usidhani kwamba amekasirika au anakudharau. Anakulinda. Nawe mlinde nafsi yako kwa kunyamaza vilevile. Salamu, pole na maswali yote yafanywe kabla, na shukrani zitolewe baada.

USHAHIDI WA KIKUYU

Dawa iliyothibitika kuliko nyingine katika kuvipunguza vijidudu vya jicho kabla ya sindano si ya ghali wala si ngeni. Ni povidoni-ayodini, ile dawa ya rangi ya kahawia ambayo kila muuguzi anaijua kwa kusafishia vidonda. Kwa ajili ya jicho hutengenezwa nyepesi, mara nyingi asilimia 5. Huvisafisha vigubiko na kope, kisha hudondoshwa juu ya jicho lenyewe na kuachwa iguse kwa nusu dakika au zaidi.

Mwaka 1991 madaktari wawili wa New York walitoa matokeo ya kazi yao katika vyumba vya kupasulia mtoto wa jicho. Pale ilipotumika povidoni-ayodini, walioambukizwa walikuwa 2 kati ya 3,489. Pale ilipotumika dawa ya zamani ya madini ya fedha, walikuwa 11 kati ya 4,594. Tofauti hiyo yakaribia mara nne.

Lakini hatuna haja ya kwenda New York kutafuta shahidi. Shahidi yuko hapa kwetu Afrika Mashariki. Katika hospitali ya Kikuyu nchini Kenya, ulifanyika utafiti mkubwa juu ya macho ya watoto wachanga, uliochapishwa mwaka 1995. Watoto 3,117 walitiwa dawa machoni walipozaliwa ili wasipate uambukizo unaoweza kuwapofusha. Baadhi yao walitiwa povidoni-ayodini, wengine eritromaisini, wengine dawa ya madini ya fedha iliyotumika tangu karne ya kumi na tisa. Waliopata uambukizo walikuwa asilimia 13.1 kwa ayodini, asilimia 15.2 kwa eritromaisini, na asilimia 17.5 kwa dawa ya fedha. Na ayodini ndiyo iliyokuwa ya bei ndogo kuliko zote. Dunia nzima ilijifunza jambo hilo kwa watoto wa Kikuyu. Dawa iliyo salama kwa jicho la mtoto aliyezaliwa leo haiwezi kuitwa kali mno kwa jicho la mtu mzima.

Tusifiche lakini kwamba ayodini huwasha. Mara nyingi maumivu ambayo mgonjwa huyalalamikia jioni ya siku ya sindano hayakuletwa na sindano. Yameletwa na ayodini iliyokauka juu ya jicho. Dawa yake ni kuliosha jicho vizuri kwa maji safi ya dawa mara sindano inapokwisha, kabla mgonjwa hajaondoka. Dawa yake si kuiacha ayodini. Wapo pia wanaosema, "Mimi ayodini hainipatani, kwa kuwa samaki hunidhuru." Huo ni uvumi. Kudhuriwa na samaki hakuna uhusiano na ayodini, na mzio wa kweli wa dawa hii ni wa nadra sana. Yule aliye nao kweli aweza kusafishwa kwa dawa nyingine iliyopimwa kwa ajili ya jicho, ila asiachwe bila kusafishwa.

GANZI INAPOGOMBANA NA USAFI

Sasa turudi kwenye ile jeli. Ganzi iliyo nzito ikipakwa kwanza juu ya jicho, hutandaza kifuniko. Daktari akija baadaye na ayodini, ayodini hupita juu ya kifuniko kile kama mvua ipitavyo juu ya bati, na vijidudu vilivyo chini yake hubaki salama vikingoja sindano. Mwaka 2008 jambo hili lilijaribiwa katika maabara: vijidudu vilivyofunikwa kwa jeli ya lignokaini kabla ya ayodini viliendelea kuota. Mwaka 2019 ukatoka uchunguzi mwingine wa Marekani uliopitia sindano zaidi ya 150,000. Ulionyesha kwamba waliotiwa ganzi ya jeli au ya matone mazito walipatwa na uambukizo mara nyingi zaidi kuliko waliotiwa ganzi ya kawaida.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Ganzi ni neema, na usafi ni ulinzi. Lakini vikipangwa vibaya, neema huuzuia ulinzi. Kanuni ni nyepesi na kila mtu aweza kuikumbuka. Matone mepesi ya ganzi hutangulia, na ayodini hufuata. Ikiwa ni lazima jeli itumike, ayodini iguse jicho kabla ya jeli, na iguse tena baada ya jeli kufutwa. Kitu cha mwisho kuligusa jicho kabla ya sindano kiwe ni ayodini, siku zote. Wataalamu waliokaa na kuandika mwongozo wa kazi hii mwaka 2014 walikubaliana hivyo.

Walikubaliana pia juu ya jambo litakalowashangaza wengi: matone ya antibayotiki kabla na baada ya sindano hayana faida iliyothibitishwa. Wagonjwa wengi huondoka kwa huzuni wasipopewa chupa ya kwenda nayo nyumbani, wakadhani wamedhulumiwa. Hawakudhulumiwa. Antibayotiki zitumikazo mwezi baada ya mwezi pasipo sababu huvifundisha vijidudu vya kope ukaidi, hata siku ya haja dawa ile isifanye kazi. Chupa isiyo na faida ni fedha iliyotupwa na silaha iliyotiwa kutu.

Na tuseme wazi juu ya haraka. Foleni ikiwa ndefu na basi linangojewa stendi, kishawishi huja cha kudondosha ayodini na kuchoma papo hapo. Nusu dakika yaonekana kama saa nzima. Lakini nusu dakika hiyo ndiyo kazi yenyewe. Muuguzi anayesimama na kuhesabu hadi thelathini hapotezi wakati wa umma; analinda jicho la mtu.

DAWA ILIYOGAWANYWA

Hatari ya vijidudu haimo katika chumba cha sindano tu. Yaweza kuanzia katika chupa. Dawa mojawapo itumikayo sana kwa macho ni bevasizumabu, ambayo asili yake ilitengenezwa kwa ajili ya saratani. Chupa moja ya saratani yaweza kugawanywa katika vipimo vingi vidogo vya macho, na kwa njia hiyo bei yake ikawa ndogo mno kuliko ya dawa zilizotengenezwa mahsusi kwa jicho. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 uliilinganisha na mwenzake wa ghali, kwa wazee wenye ugonjwa wa retina, ukaona kwamba matokeo yanalingana. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa za lazima. Kwa nchi zenye watu wa kipato kidogo hilo ni jambo jema sana.

Lakini kugawanya si kazi ya kufanywa mezani popote. Mwaka 2011 katika jimbo la Florida, Marekani, wagonjwa 12 walipatwa na uambukizo kutokana na dawa iliyogawanywa katika duka moja la dawa, na wengi wao walipoteza nuru ya jicho lililochomwa. Septemba 2023 katika jimbo la Punjab, Pakistan, makumi ya wagonjwa wa kisukari walipofuka baada ya kuchomwa dawa iliyogawanywa, na serikali ya huko ikaisimamisha dawa ile. Wote hao walikwenda kutafuta nuru. Kosa halikuwa la dawa; lilikuwa la mikono iliyoigawanya. Kwa hiyo ni wajibu wa kila hospitali kugawanya dawa hizo kwa masharti ya usafi kamili, na ni wajibu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kukagua bila kuona haya. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza dawa yake imetoka wapi na imefunguliwa lini.

NJIA NDEFU YA KURUDI

Yote tuliyosema hadi hapa yanamhusu mgonjwa awaye yote duniani. Sasa tuseme yanayomhusu mtu wa Njombe.

Mkoa wetu uliundwa mwaka 2012 ukitolewa katika Iringa. Una mashamba, misitu na viwanda, na Makambako ni njia panda ya barabara kuu ya Zambia na ya Songea, penye stesheni ya reli ya TAZARA. Lakini madaktari bingwa wa retina ni wachache katika nchi, nao wengi wako katika hospitali kubwa kama Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam au KCMC ya Moshi. Kutoka Makambako hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Hata Mbeya, iliko hospitali ya rufaa ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini, ni mwendo wa kama kilomita 170. Na Makambako yenyewe ni kama kilomita 60 kutoka Njombe mjini. Mtu wa Ludewa au wa milima ya Makete ana mengine ya kuongeza.

Basi fikiri. Mtu amechomwa sindano Jumatatu huko Dar es Salaam. Usiku ule au kesho yake amepanda basi. Jumatano yuko nyumbani kwake. Uambukizo, ukiwapo, mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya pili na ya tano. Yaani hujitokeza akiwa amekwisha fika mbali na mtu awezaye kumtibu. Tiba yake haiwezi kuwa vidonge wala matone ya dukani. Hapana budi antibayotiki idungwe ndani ya jicho lenyewe, na wakati mwingine ule ute wenye usaha uondolewe kwa upasuaji. Tena yatakiwa ifanyike siku ileile. Katika ugonjwa huu saa ndizo zinazohesabiwa, na saa ndizo barabara izilazo.

Kwa sababu hiyo yafaa kila mgonjwa azijue dalili. Siku ya kwanza, jicho kuwasha kama lina mchanga, doa jekundu la damu katika weupe, na vipovu vyeusi vinavyoelea ni mambo ya kawaida, na kila siku hupungua. Lisilo la kawaida ni hili: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaoenea, mwanga kuumiza, usaha au tongo nyingi, na hasa kuona kunakopungua baada ya kuwa kumeanza kutengemaa. Yeyote apatwaye na mojawapo ya hayo asingoje soko lipite wala Jumapili iishe. Aende siku hiyo hospitali iliyo karibu, iwe ya rufaa ya mkoa Njombe au nyingine ya jirani, aseme kwa neno la kwanza: "Nilichomwa sindano ndani ya jicho siku fulani." Neno hilo moja laweza kumfanya mhudumu apige simu kwa daktari wa macho badala ya kumpa matone ya macho mekundu na kumwambia arudi baada ya wiki.

Yako mambo matatu ya kuepukwa. La kwanza ni kutia jichoni kitu chochote cha kienyeji, kiwe majani, maziwa au asali. Jicho lililotobolewa jana halitaki mgeni. La pili ni kununua dukani matone yenye dawa za kupunguza uvimbe pasipo kuonwa na daktari. Hizo huficha wekundu huku ugonjwa ukiendelea ndani. La tatu ni kutumia ganzi nyumbani. Mafundi wa kuchomelea vyuma wanaochomwa macho na mwanga wa moto, na wapasua mbao walioingiwa na vumbi, wajihadhari sana na matone ya ganzi ya kwenda nayo nyumbani. Hutuliza kwa nusu saa, lakini yakirudiwa huila sehemu ya mbele ya jicho polepole, na mtu hajui kwa kuwa hasikii. Hata siku ya sindano, mgonjwa asilisugue jicho lililo na ganzi, kwani aweza kulikwaruza asitambue.

YATUPASAYO KUFANYA

Hatuandiki haya ili kumtisha mtu aikimbie sindano. Aikimbiaye kwa hofu ya hatari ya 1 kati ya 2,000, hali kisukari kinamharibu retina kila siku, ameikimbia mvua akaingia mtoni. Sindano hii imewarudishia watu wengi uwezo wa kusoma, kuendesha gari na kufanya kazi. Tunachotaka ni ichomwe vizuri, na anayechomwa asiachwe peke yake barabarani.

Mengi katika hayo hayahitaji fedha nyingi. Hospitali inayochoma sindano impe mgonjwa karatasi yenye tarehe, jina la dawa, jicho lililochomwa, na namba ya simu inayopokewa usiku na mchana. Mgonjwa atokaye mbali apangiwe, kila iwezekanapo, kukaa jirani na mji wenye daktari kwa siku chache, au apigiwe simu siku ya tatu na kuulizwa hali. Wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vya Makambako, Wanging'ombe, Lupembe na kwingineko wafundishwe dalili zile, hata kama wao wenyewe hawatachoma sindano maishani mwao. Waajiri wa mashamba ya chai, ya miwati na viwanda vya mbao wasimkate mfanyakazi mshahara wa siku aliyokwenda kutibiwa jicho, wala wasimlazimishe kurudi katika vumbi kesho yake. Na kila mwenye kisukari apimwe macho mara moja kwa mwaka, hata akiwa anaona vizuri. Maana anayegunduliwa mapema huenda asiihitaji sindano hata kidogo.

Na wewe ndugu uliye na tarehe ya sindano mwezi ujao, nenda. Uliza swali lako la kwanza kuhusu maumivu, na ujibiwe kwa upole. Kisha uliza la pili: "Ayodini itagusa jicho langu mwisho, kabla ya sindano?" Ukijibiwa kwamba ndiyo, lala, fumba mdomo, na uvumilie ule mwasho. Namba ya simu uliyopewa mwachie mkeo, mumeo au jirani yako pia, ili maumivu yakija usiku awepo mtu wa kuipiga.